Gunia Moja kwa Nyumba Ishirini

Akina mama wenzangu, mwenye fedha kidogo ndiye anayenunua chakula kwa bei kubwa. Kila mama wa Sinza analijua hili hata kama hajawahi kulipigia hesabu. Mchele tunaununua kilo moja moja, au nusu siku ikiwa mbaya. Vitunguu kwa fungu, nyanya kwa fungu au sado, mafuta ya kupikia kwa kipimo, ukija na chupa yako. Kila anayekishika chakula hicho njiani, tangu dalali wa sokoni hadi mwenye duka, anaongeza chake, wala hatumlaumu maana naye ana watoto. Lakini anayelipia yote hayo ni mama aliyesimama dukani na noti moja mkononi.

Ajabu ni kwamba gunia lenyewe haliko mbali. Soko la Tandale, linalopokea nafaka kutoka mikoani, liko jirani yetu kabisa, hata kwa miguu unafika. Sinza ilipimwa viwanja katika miaka ya 1970, katika mpango wa serikali wa kuwapatia viwanja watu wa kipato cha chini. Leo nyumba moja ina wapangaji wanne au watano, kila mmoja na jiko lake, na kila mmoja na safari yake ya dukani kwa kilo ileile moja.

Wazo letu lilizaliwa katika ibada ya jumuiya. Tulikwisha kusali, tukawa tunalalamikia bei kama ilivyo desturi yetu, ndipo mama mmoja akauliza: gunia la kilo 100 likigawanywa kwa nyumba 20, si kilo 5 kila nyumba? Hakuna aliyepata la kubisha. Wiki hiyo hiyo tukafungua kundi la WhatsApp. Mpaka Jumatano jioni kila mama anaandika anachotaka na kiasi gani. Alhamisi fedha zinatumwa kwa simu kwa mtunza hazina. Jumamosi alfajiri wawili wanakwenda Tandale kwa zamu, na saa tatu kirikuu kinashusha mzigo barazani. Wenye simu za kitochi wanampigia katibu, naye anawaandikia. Uzuri wa maandishi ni kwamba hakuna ubishi wa "mimi nilisema kilo saba". Tulikubaliana pia kwamba kundi ni la chakula tu. Anayetaka kusambaza picha za maua ya asubuhi njema na dawa za vidonda vya tumbo awatumie nduguze.

Baadhi ya akina baba walitia shaka, na nawaelewa. Wengi wanakumbuka mwaka 2009, watu walipopanda fedha zao kwenye upatu kwa matumaini ya kuvuna, wengine wakitiwa moyo na viongozi wa dini, wakaambulia machozi. Kwetu hakuna kupanda wala kuvuna. Fedha inatoka Alhamisi na Jumamosi inarudi ikiwa mchele. Anayetunza fedha haendi sokoni, na anayekwenda sokoni hatunzi fedha. Namba ya kulipia haibadilishwi kwa ujumbe hata siku moja, maana matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" wamejaa. Ikibidi kubadilika, inatangazwa ana kwa ana kwenye jumuiya.

Nawapa hesabu bila kuipamba. Tuseme kilo ya mchele dukani ni shilingi 3,000, na kwa bei ya gunia ni 2,600. Katika kilo 5 umeokoa 2,000. Toa sehemu yako ya kirikuu, wapagazi na makato ya simu, tuseme 800. Unabaki na 1,200. Si utajiri, ila ni mboga ya siku moja, na ukiongeza maharage, unga na mafuta, mwisho wa mwezi unaiona.

Kazi iko katika kugawa. Gunia linaloitwa la kilo 100 halitoi kilo 5 mara 20. Kuna vumbi, kuna zinazomwagika, kuna gunia lililopungua tangu huko lilikotoka, na anayepimiwa mwisho ndiye anayepunjwa. Kwa hiyo kwanza tunalipima gunia zima, tukipata kilo 97 tunagawa 97 kwa 20. Mizani tumenunua wenyewe. Kitabu cha Mithali kinasema wazi Bwana anaionaje mizani ya udanganyifu, na mimi naongeza kwamba majirani nao huiona vilevile. Mahindi tuna uangalifu zaidi. Mwaka 2016 watu walikufa mikoani Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota katika nafaka isiyokaushwa vizuri. Sumu hiyo huwezi kuitegemea macho kuiona, na kupika hakuiondoi. Punje zenye ukungu au unyevu tunaziacha huko huko, hata bei iwe ya kutupa.

Sasa nifike penye uzito. Siku tulipopanga masharti, mama mmoja mjane, anayekaanga vitumbua asubuhi, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Dada zangu, mpango ni mzuri. Ila fedha yangu huzaliwa asubuhi na kufa jioni. Hiyo elfu kumi na nne ya Alhamisi nitaitoa wapi?"

Baraza lilinyamaza. Tulikuwa tunatengeneza unafuu wa chakula, na anayeuhitaji kuliko wote ndiye asingeupata. Jambo hili si geni. Matendo ya Mitume sura ya 6 inaeleza kwamba hata kanisa la kwanza, likiwa bado na moto wa Pentekoste, lilipata manung'uniko kwa sababu wajane wa upande mmoja walisahauliwa katika ugawaji wa kila siku, na mitume wakaagiza wachaguliwe watu 7 kulishughulikia. Hata wale wafumaji wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao la ushirika mwaka 1844 wakiwa 28, waliuza kwa fedha taslimu tu. Sharti hilo liliokoa duka lao, lakini maskini kabisa alibaki nje, akikopa kwa muuzaji mwingine.

Wenzangu kadhaa walitaka tumkopeshe kutoka katika fedha ya kundi. Mimi nilipinga, na sikupendwa siku ile. Mwenye deni kwa nyumba 20 hawezi kupita mtaani kichwa juu. Nikakumbusha kwamba hata wale wa Rochdale, mtaji wao wa pauni moja kila mmoja waliupata kwa kudunduliza senti chache kila wiki. Basi mtunza hazina, ambaye ni jirani yake, anapokea kwake shilingi 500 kila jioni, mkononi, bila makato ya simu, na kuandika kwenye daftari mbele yake. Siku 28 ni 14,000. Ananunua mara moja kwa mwezi, kwa fedha yake mwenyewe. Baada ya miezi miwili, akina mama sita walikuwa wamejiunga na daftari hilo, wengine ambao hatukujua kabisa kwamba wanahitaji.

Likabaki suala la mama wa genge. Wakubwa wetu wanakumbuka Operesheni Maduka ya mwaka 1976, maduka ya watu binafsi yalipofungwa ili ya ushirika yashike nafasi, na ya ushirika hayakuwa tayari. Watu walikosa bidhaa hadi serikali ikarudi nyuma. Bibi mmoja wa jumuiya yetu, ukitaja ushirika, anakumbuka foleni za sukari. Nasi mama wa genge ndiye anayetukopesha nyanya mtoto akiwa hospitali na mshahara haujatoka, WhatsApp haikopeshi. Tukaamua mboga, nyanya na dagaa tusiviguse. Gunia lake la vitunguu linapanda kirikuu chetu naye analipa sehemu yake ya nauli, hivyo na sisi tunapunguziwa.

Siku hizi nyumba nyingine zinaomba kuingia. Wapo wanaotaka tukue, tuandikishwe chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, tumwone afisa ushirika wa Manispaa ya Ubungo. Wengine wanasema 20 zinatosha kwa kuwa tunajuana hadi watoto; tukifika 80, mama atakayenyamaza kwa kukosa fedha hataonekana kwenye simu. Kwa sasa mimi niko na hawa. Wanaoomba tumewaambia waanzishe kundi lao, mizani tutawaazima. Jumamosi hii zamu ya Tandale ni yangu na yule mama wa vitumbua. Yeye akitafuna punje mbili tu anakwambia mchele huu ni mpya au wa mwaka jana.