Shingo Ikirushwa, Kichwa Kinalia



Jeraha lenye damu linahurumiwa na watu wengi. Jirani analeta maji, watoto wananyamaza, mgonjwa anapelekewa chakula kitandani. Lakini liko jeraha lisiloonekana, na mwenye nalo anateswa mara mbili: kwa maumivu, tena kwa maneno ya watu. Ni jeraha la shingo iliyorushwa ghafula.

Mimi lilinipata Septemba 2018, katika barabara ya Mangina kwenda Beni. Nilikuwa juu ya moto. Mbuzi akakatiza, motari akafunga breki, na moto ya nyuma ikatugonga. Sikuanguka. Kichwa kilirushwa nyuma, kisha mbele, basi. Hata mkwaruzo hapana. Kesho yake shingo ilikuwa ngumu kama mti, na maumivu yalipanda toka kisogoni mpaka nyuma ya jicho.

Mnaukumbuka mwaka ule. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa kwetu, katika eneo la afya la Mabalako, na mwisho wake ulitangazwa tarehe 25 Juni 2020. Nani alithubutu kusema "kichwa kinaniuma"? Jirani mmoja alianza kunisalimia kwa mbali. Kwenye kituo cha afya nilinawa mikono, wakanipima joto mlangoni, wakauliza mengi. Homa sikuwa nayo. Ndipo muuguzi akasema: "Mama, siku hizi ulipata ajali?"

Aliniinuisha mikono, akagusa mifupa ya shingo polepole, kisha akanieleza. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 au 5. Kikirushwa, misuli na viungo vidogo vya shingo vinavutika. Mishipa ya fahamu ya shingo ya juu inakutana ndani na ile ya uso. Kwa hiyo shingo ndiyo iliyoumia, lakini mtu anasikia maumivu kwenye paji na jicho. Mara nyingi yanaanza ndani ya siku 7. Wengi wanapona kwa majuma au miezi michache. Wengine wanapita miezi 3.

"Usilale kitandani kutwa," akasema. "Geuza shingo pole pole, kushoto, kuume, mara nyingi kwa siku. Na mtu asikuzungushe shingo kwa nguvu ati ilie." Parasetamoli alinipa ya siku chache tu. Mtu akimeza dawa za maumivu siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa miezi, dawa zenyewe zinaweza kuleta maumivu ya kichwa.

Yote hayo niliyaweza. Neno gumu lilikuwa la mwisho: "Kwa sasa usibebe kikapu kwa kamba ya paji." Ninyi akina mama mnajua. Kuni, mihogo, yote yanapita kwenye kamba ile. Nyumbani ikasemwa: "Anakula, anacheka, lakini kubeba ati hawezi!" Siku ile nililia.

Baba wa watoto ndiye aliyemaliza maneno. Jioni moja alichukua kikapu, akaweka kamba kwenye paji lake mwenyewe, akapita na mihogo mbele ya watu. Walicheka sana. Yeye hakujibu kitu. Kesho yake kijana wetu akachukua zamu. Mimi nilipona kidogo kidogo, mpaka mwezi wa nne nikarudi shambani kwa kakao.

Vijana, hasa ninyi mnaobeba mifuko ya mchanga kwenye machimbo ya dhahabu, shikeni hili. Baada ya ajali, mtu akitapika, akisinzia ovyo, akilegea mkono au mguu, akipata ganzi, akishindwa kuzuia mkojo, au mfupa wa shingo ukiuma sana katikati, msimgeuze shingo. Mlazeni, kichwa kisicheze, mkamfikishe hospitali upesi. Na penye homa, msiseme ni shingo tu, aende kupimwa.

Lakini kama muuguzi amekwisha kusema ni shingo, mwenzako usimtafutie damu ndipo umsadiki. Umuulize tu: "Nikubebee nini leo?"