Mama aliyeshushwa cheo akabaki maabara

Mtoto akichaguliwa chuo kusoma biokemia, wazazi wengi huwaambia majirani kwamba anasomea udaktari. Si uongo wa makusudi. Ni vigumu tu kueleza kwa ufupi kazi ya mtu anayeshinda siku nzima akihamisha matone ya maji yasiyo na rangi kutoka kimirija kimoja kwenda kingine, kisha jioni anarudi nyumbani na kusema leo haikufanya kazi.

Katalin Karikó alirudi nyumbani na jibu hilo kwa miaka mingi. Leo anajulikana kama mshindi wa Nobel, lakini kabla ya hapo alikuwa mama wa mtoto mmoja, ugenini, akiwa na mshahara mdogo na bosi asiyeona faida ya anachokifanya.

Alizaliwa Hungaria mwaka 1955, baba yake akiwa muuza nyama. Nyumba yao haikuwa na maji ya bomba wala jokofu. Alipokuwa mdogo alipenda kumtazama baba yake akipasua nguruwe, aone ndani kuna nini. Mwaka 1982 alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Szeged, na mwaka huohuo akajifungua binti, Susan.

Mwaka 1985 fedha za maabara yake zilikatika, na kazi ikaisha. Akapata nafasi Philadelphia, Marekani. Wakati ule serikali ya Hungaria haikuruhusu raia kutoka na fedha nyingi za kigeni. Yeye na mumewe, Béla, wakauza gari, wakapata pauni 900 za Uingereza, wakazishonea ndani ya mwanasesere wa dubu wa Susan. Mtoto wa miaka miwili akapanda ndege akiwa amekumbatia akiba yote ya familia.

Huko walikokwenda ndiko baadaye alikofuatilia mRNA. Chukua mfano wa jikoni. Karibu kila seli ya mwili ina kitabu kikubwa cha mapishi, DNA, ambacho hakitolewi kabatini. Seli ikitaka kutengeneza protini fulani, hunakili ukurasa mmoja kwenye kikaratasi na kukipeleka jikoni. Kikaratasi hicho ndicho mRNA. Mpishi akishakisoma mara kadhaa, kinatupwa. Karikó alitaka kuandika kikaratasi chake mwenyewe maabara, akiingize ndani ya seli, ili mwili ujitengenezee dawa wenyewe.

Kusema hivyo ni rahisi. Tatizo ni kwamba RNA huharibika haraka kuliko maziwa juani. Hata ngozi ya vidole vyetu ina vimeng'enya vinavyoikata vipande vipande, ndiyo maana watu wa maabara huvaa glavu hata pale ambapo hakuna sumu wala ugonjwa. Wanailinda kazi yao isiharibiwe na mikono yao. Vimirija hukaa juu ya barafu. Seli zinazofugwa kwenye visahani nazo zinahitaji kulishwa, na hazijui kama leo ni Jumapili. Karikó alikwenda maabara hata sikukuu. Mumewe alipiga hesabu ya mshahara wake akigawanya kwa saa alizofanya kazi, akamwambia kwa utani kwamba anapata kama dola moja kwa saa.

Utani huo ulikuwa na ukweli unaouma. Katika vyuo vikuu vingi vya Marekani, mtafiti hutakiwa kutafuta mwenyewe fedha za utafiti. Anaandika maombi, anasubiri miezi, wataalamu wengine wanayasoma na kutoa alama. Anayekosa mara nyingi huonekana mzigo, hata kama vipimo vyake ni safi. Kuanzia mwaka 1989 Karikó alikuwa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na maombi yake yalikataliwa moja baada ya jingine. Waliokuwa wakitoa fedha hawakuamini kwamba kitu dhaifu kama RNA kinaweza kuwa dawa.

Mwaka 1995 akaambiwa achague: aondoke, au akubali kushushwa cheo na kupunguziwa mshahara. Wakati huohuo alikuwa na hofu ya saratani na anahitaji upasuaji, na mumewe alikuwa amekwama Hungaria kwa matatizo ya viza.

Alibaki. Wanaoandika habari zake hupenda kusema alibaki kwa sababu ya imani yake katika sayansi, na hilo lipo. Lakini lipo na jambo ambalo mzazi yeyote atalielewa bila maelezo: chuo kile kilitoa punguzo la ada kwa watoto wa wafanyakazi, na Susan alikuwa anakua. Mshahara ulishuka, ila punguzo lilikuwepo. Susan baadaye alisoma hapohapo, na hapohapo akaanza mchezo wa kupiga makasia.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Karikó alikutana na daktari mmoja mgeni chuoni kwenye mashine ya kutoa kopi. Wote wawili walikuwa wakinakili makala za sayansi. Yule alikuwa Drew Weissman, mtaalamu wa kinga ya mwili aliyetaka chanjo ya VVU. Karikó akamwambia anaweza kumtengenezea mRNA yoyote anayoitaka.

Akaitengeneza, wakaiweka kwenye seli za kinga, na seli zikapiga king'ora kana kwamba zimevamiwa na virusi. Hiyo ilikuwa habari mbaya. Dawa inayouchochea mwili hivyo ingeweza kumdhuru mgonjwa badala ya kumponya.

Katika jaribio lolote la maabara lazima pawe na kitu cha kulinganisha, kama mkulima anayeacha tuta moja bila mbolea ili ajue mavuno yameletwa na mbolea au na mvua. Miongoni mwa vitu vyao vya kulinganisha ilikuwemo RNA ya aina nyingine, inayoitwa tRNA. Hiyo haikupiga king'ora. Kwa nini? Ilishajulikana kwamba tRNA ina herufi nyingi zilizofanyiwa marekebisho madogo ya kikemia. Wakajaribu marekebisho hayo kwenye mRNA. Walipoondoa herufi moja, uridini, na kuweka ndugu yake, sudouridini, seli zikatulia.

Hebu fikiria, miaka yote hiyo, halafu jibu linatoka kwenye tuta lisilo na mbolea.

Jarida moja kubwa liliikataa makala yao. Ikachapishwa kwingine mwaka 2005, na simu hazikuita. Mwaka 2008 wakaonyesha kwamba herufi hiyohiyo inafanya seli zitengeneze protini nyingi zaidi, na bado waliosikiliza walikuwa wachache. Mwaka huo aliyetangazwa kwenye televisheni alikuwa Susan, aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki ya makasia Beijing. Alishinda nyingine London mwaka 2012. Kwa muda mrefu Karikó alitambulishwa kwa watu kama mama wa Susan.

Mwaka 2013 aliondoka chuoni, akaenda Ujerumani kufanya kazi na kampuni ya BioNTech, huku mumewe akibaki Marekani. Mwezi Novemba 2020 alipata taarifa kwamba chanjo ya Uviko-19 ya BioNTech na Pfizer, iliyotumia herufi iliyorekebishwa inayokaribiana na ile yao, inafanya kazi. Alisherehekea kwa kula peke yake boksi zima la karanga zilizopakwa chokoleti. Chanjo hiyo baadaye ilifika hadi Kenya na Tanzania, na huenda wewe unayesoma hapa ulidungwa.

Nobel ya Fiziolojia au Tiba ilitangazwa tarehe 2 Oktoba 2023, kwake na kwa Weissman. Mama yake Karikó, aliyefariki mwaka 2018, alikuwa akimwambia binti yake kwamba wiki ya kutangaza tuzo imekaribia, na atasikiliza, huenda akataja jina lake. Karikó alikuwa akicheka. Alimweleza mama kwamba hana timu, hana fedha za utafiti, wala si profesa. Mama akajibu kuwa lakini anafanya kazi kwa bidii sana, naye akamwambia wanasayansi wote wanafanya kazi kwa bidii.