Nyumba ya Mbao ya Mpenda Miti

Katika mji wa Martinez, jimbo la California, Marekani, iko nyumba kubwa ya mbao juu ya kilima kidogo. Ilijengwa mwaka 1882 na Daktari John Strentzel, mzaliwa wa Poland, ambaye alikuwa mkulima mashuhuri wa matunda. Alipofariki mwaka 1890, mkwewe John Muir alihamia humo pamoja na mkewe na binti zao wawili. Hapo ndipo palipokuwa kwake hata alipofariki mwaka 1914.

Muir aliwaamsha Wamarekani wapende misitu yao, na mwaka 1892 akawa rais wa kwanza wa Sierra Club, chama cha kulinda milima na misitu. Hata kwetu si mgeni kabisa. Mwaka 1912, akiwa na umri wa miaka 73, aliona mibuyu karibu na Maporomoko ya Viktoria, kisha akapita Mombasa, akapanda gari la moshi mpaka Ziwa Viktoria, akafika hapa Uganda kuona chanzo cha Mto Nile.

Basi darasani kwetu palizuka ubishi. Mtetezi wa miti aliwezaje kulala katika nyumba iliyokula miti mingi namna ile? Tena miti yenyewe ni redwood, iwezayo kuishi zaidi ya miaka 2,000! Mwenzetu mmoja alisema huo ni unafiki. Mimi, mtoto wa seremala, nilipinga, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza, tutazame ujenzi wake. Namna hii ya nyumba huitwa ya Kiitalia, kwa kuwa iliiga nyumba za mashambani za Italia. Waingereza waliianza mwanzoni mwa karne ya 19, na kufikia miaka ya 1850 ilikuwa imeenea Marekani. Waitalia walijenga kwa mawe na lipu. Wamarekani walikuwa na misitu, na mashine za mvuke za kupasulia mbao. Kwa hiyo maseremala walifanya kwa mbao yale yaliyofanywa kwa mawe: paa lisilo na mwinuko mkubwa, upenu mpana ulioshikwa na vipande vya mbao vilivyochongwa, madirisha marefu membamba, na mnara mdogo juu ya paa.

Wengine hucheka wakisema kwamba hiyo ni mbao inayojifanya jiwe. Lakini upenu ule si pambo tu. Huzuia mvua isipige kuta. Baba yangu hunifundisha kwamba adui wa mbao si uzee, bali ni maji. Mbao ikiwa kavu, ikapakwa rangi na kukingwa na mchwa, hudumu kuliko aliyeipiga randa.

Pili, nyumba ile ilitunzwa. Tetemeko kubwa la mwaka 1906 liliangusha dohani zake za matofali, lakini kiwiliwili cha mbao kilisimama. Muir hakuihama. Alitengeneza, na mahali pa meko ya marumaru akajenga meko kubwa ya matofali, apate kuota moto kama wa kambini milimani. Mwaka 1964 serikali ya Marekani iliifanya kuwa mahali pa kumbukumbu ya taifa. Leo ina zaidi ya miaka 140, na miti iliyokatwa kwa ajili yake ingali kazini. Mimi naona kosa si kukata mti ukajenga. Kosa ni kuiacha nyumba ioze, kisha kwenda msituni kukata mwingine.

Nayasema haya kwa sababu tunayo maktaba yetu ya zamani ya mbao, na wako wanaotaka ibomolewe. Likizo iliyopita nilikwenda na baba kuikagua. Nguzo ni nzima, na kenchi za paa ni nzima. Zilizooza ni mbao kumi na moja za chini, upande wa magharibi, ambako mfereji wa bati unavuja. Bandubandu huisha gogo: mfereji mmoja umeanza kula nyumba nzima.

Ndugu zetu mliosoma hapa, mbao kumi na moja, mfereji mmoja na madebe machache ya rangi si mzigo mkubwa. Sisi wa darasa la juu tutafanya kazi hiyo kwa mikono yetu, na baba amekubali kutusimamia bila malipo. Twaomba vifaa tu, kabla ya mvua za masika.