Mwalimu Naye Huchoka

Wazazi wengi husema: «Kazi ya mwalimu ni nyepesi. Aingia asubuhi, na saa saba amekwisha kurudi kwake.» Sisi tuliofundisha miaka mingi katika shule za msingi za Kivu tumeyasikia maneno hayo mara nyingi, tukanyamaza. Leo twataka kuyajibu, pasipo hasira, kwa kuonyesha jinsi mambo yalivyo.

Mtazameni mwalimu mmoja wa darasa la tatu, jirani yetu wa kazi. Ukuta mmoja tu ulitutenga naye. Zamani alikuwa na watoto wapatao 50. Mwezi wa Septemba 2019 Serikali ilianza kutimiza kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2006, kisemacho kwamba masomo ya msingi katika shule za umma ni ya bure. Shule za kikatoliki zilizo na mapatano na Serikali zilihusika pia. Lilikuwa jambo jema, nasi tulilifurahia: mamilioni ya watoto walifunguliwa mlango. Lakini kuta za darasa hazikupanuka. Mwenzetu akapata watoto 112. Watano watano walibanana katika benchi moja, na wengine wakaketi chini. Tena ile «prime», nyongeza ya mshahara ambayo wazazi walikuwa wakiilipa tangu miaka ya 1990, ikakatazwa. Basi feza zake zilipungua wakati ule ule kazi yake ilipoongezeka.

Hesabuni pamoja nasi. Imla moja, daftari 112, dakika mbili kwa kila daftari: ni saa tatu na dakika 44. Hiyo ni imla peke yake. Bado kuna hesabu, bado kuna kupanga masomo ya kesho, na taa ya nyumbani ni ndogo.

Mwenzetu alikuwa mtu wa kuimba na watoto. Mwaka wa pili akaacha kuimba. Baadaye akawa anapiga alama nyekundu katika madaftari bila kusoma. Watoto aliowajua kwa majina, sasa aliwaita «ninyi kule». Usiku hakupata usingizi. Watu wakasema: «Amekuwa mvivu.» Mwishowe aliacha kazi, akaenda kuuza mafuta ya mawese sokoni. Watoto 112 wakakaa majuma sita bila mwalimu.

Je, ulikuwa uvivu? Mwaka 2019 Shirika la Afya la Ulimwengu lilieleza hali hiyo katika orodha yake mpya ya magonjwa. Halikuiita ugonjwa, lilisema yatokana na mzigo wa kazi uliodumu bila kutunzwa vema. Dalili zake ni tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, na mtu kujiona hafai tena. Mwenzetu alikuwa nazo zote tatu. Kisima kinachotekwa mchana kutwa, pasipo kuachwa kijae, hukauka; nani atakilaumu kisima?

Serikali ina deni lake, wala tusilifunike. Tarehe 5 Oktoba 1966, huko Paris, mataifa yalipatana juu ya hali ya waalimu: darasa liwe na hesabu ya watoto ambayo mwalimu aweza kumwangalia kila mmoja, na saa za kazi zipimwe pamoja na kazi ya kusahihisha na kutayarisha. Kongo yetu ingali mbali na hayo, na wako waalimu wanaofundisha bila kuandikwa katika orodha ya mishahara.

Lakini tukingoja tu, visima vitazidi kukauka. Katika shule nyingine tuliyofanyia kazi baadaye, mkurugenzi aliwakutanisha waalimu kila Ijumaa kwa saa moja. Kila mmoja alisema jambo lililomshinda juma lile, na hakuna aliyechekwa. Wawili walitayarisha hesabu, wawili Kifaransa, kisha wakabadilishana kazi. Mkurugenzi mwenyewe alipoingia darasani hakuja kuwinda makosa tu. Alishika chaki, akamwacha mwalimu apumue nusu saa. Madarasa yalikuwa yamejaa vilevile, lakini miaka mitatu hakuna mwalimu aliyetoroka.

Nanyi wazazi, fungueni daftari la mtoto jioni. Mtoto aliyesoma ukurasa mmoja nyumbani amempunguzia mwalimu mzigo. Msimdharau mwalimu mbele ya mtoto. Mwenye neno aende kwake, amsalimu kwanza. Mwalimu wa kijijini akisafiri siku mbili kwenda kupokea mshahara, halmashauri ya wazazi ipatane mapema na mkurugenzi juu ya watoto watakaobaki.

Wanafunzi, futeni ubao, gawanyeni madaftari, na mkubwa amsaidie mdogo kusoma.

Na ninyi waalimu wenzetu, msifiche uchovu kana kwamba ni aibu. Mwambieni mwenzenu mapema. Siku ya Bwana ni yenu pia: madaftari yangoje Jumatatu.

Kila tarehe 30 Aprili ni sikukuu ya waalimu katika nchi yetu, nasi twawapigia makofi. Ni vizuri. Lakini daftari 112 zarudi mezani tarehe 2 Mei, na hapo ndipo mwalimu atakapojua kama ana ndugu.