INJINI ILIYOFUNGULIWA HAIBEBI SIMITI SIKU YA KWANZA

Leo naongea na wewe ambaye pikipiki yako imetoka kufunguliwa injini. Naongea pia na wewe usiye na pikipiki, lakini kuna mtu nyumbani kwako anayeanza maisha upya. Soma hadi mwisho.

Wengine wenu mnajua kwamba kabla ya huduma nilishika spana miaka sita. Ndiyo maana vijana wa boda bado huniuliza mambo ya injini baada ya ibada. Wiki tatu zilizopita alikuja mmoja wao. Pistoni yake ilikuwa imeshika ndani ya silinda, na chama cha steji kikamkopesha pesa. Silinda ikachongwa, akawekewa pistoni mpya, ringi mpya, valvu zikasagwa. Sasa anadaiwa shilingi 300 kila siku. Akaniambia, "Mchungaji, kuna mjengo wanataka simiti ipelekwe, mifuko miwili kila safari. Nikianza leo, deni naliua haraka."

Mifuko miwili ni kilo 100. Njia yenyewe ni mlima. Na injini haikuwa imetembea hata kilomita 10.

Mpendwa, nikuonyeshe kinachoendelea mle ndani. Fundi akishachonga silinda, huisugua kwa jiwe ili ibaki na mikwaruzo midogo inayopishana. Ile mikwaruzo si uchafu wala uzembe. Inashika oili. Lakini vilele vyake bado ni vikali, na ringi mpya bado haijauzoea ukuta huo. Lazima vilikane taratibu mpaka ringi ikae sawasawa pande zote. Hapo ndipo nguvu ya mlipuko haivuji kwenda chini, na oili haipandi kwenda juu.

Hii ni injini ya mipigo minne: huvuta hewa na petroli, hukandamiza, hulipuka, hutoa moshi. Krenki huzunguka mara mbili kwa kila mlipuko mmoja. Ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, pistoni imepigwa na moto mara 2,000 katika dakika hiyo moja. Ukuta ambao haujalainika, na ringi ambayo haijakaa, vikisuguana namna hiyo chini ya kilo 100 za simiti, joto linapanda. Pistoni inavimba. Na inaweza kushika tena kama ile ya kwanza.

Lakini nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo wengi hukosea upande wa pili.

Mwenzake wa steji alimshauri, "Basi iwashe tu uiache ingurume pale nyumbani, asubuhi hadi jioni, itajizoesha yenyewe." Hapana! Ringi haibanwi ukutani na ukakamavu wake peke yake. Gesi ya mlipuko hupita nyuma ya ringi na kuisukuma nje iguse silinda. Injini isiyofanya kazi yoyote haina mlipuko wa kutosha kuisukuma. Ringi inateleza juu juu, oili inaungua kidogo kidogo, na ukuta wa silinda unapakwa kitu laini kama kioo. Ukishafika hapo, ringi haikai tena. Itakunywa oili na kutoa moshi wa bluu, na dawa yake ni kuifungua upya.

Umeona? Mzigo mwingi unaiua. Kutopewa kazi kabisa nako kunaiharibu. Inachohitaji ni kazi ya kiasi.

Kwa hiyo nilimwambia hivi, na wewe unayehitaji uandike.

Moja: asubuhi iwashe, iache ipate joto kwa dakika chache tu, kisha ondoka. Usiikaze ikiwa baridi.

Mbili: beba abiria mmoja, safari fupi, barabara tambarare. Fungua mafuta kiasi ivute vizuri, kisha achilia mkono ipungue yenyewe ukiwa kwenye gia. Inapovuta, ringi inabanwa. Unapoachilia, oili hupanda kidogo ikapoza na kusafisha pale ringi zilipo. Usikae kwa mwendo mmoja kwa muda mrefu, na usiipeleke mpaka mwisho wa mafuta.

Tatu: usiilazimishe kupanda mlima na gia kubwa huku inatetemeka. Shusha gia.

Nne: siku za kwanza, ukimaliza safari chache iache ipoe kabisa. Vyuma vilivyowekwa pamoja jana vinahitaji kupata joto na kupoa, kisha tena na tena. Ikiwa baridi, mrudishie fundi aangalie tapeti, kwa sababu hubadilika valvu zikianza kukaa.

Tano: mwaga oili mapema. Oili ya kwanza hubeba unga wa chuma uliotoka kwenye msuguano. Injini nyingi za boda huchukua takriban lita moja tu. Usisubiri kipindi cha kawaida. Mwaga ndani ya kilomita 100 za mwanzo, safisha chujio, weka nyingine ya kawaida isiyo ya bei kubwa, kisha badilisha tena ukifika 500.

Akaniangalia. "Na ile 300 ya kila siku, Mchungaji?"

Wapendwa, hilo ndilo swali lenyewe. Ushauri wa injini ni rahisi kutoa ukiwa hudaiwi. Nilienda naye kwa mama mweka hazina wa chama. Nikamweleza yale yale niliyokueleza. Mama yule hajui ringi ni nini, lakini anajua pesa. Akauliza jambo moja tu: "Ikishika tena, nani atalipa?" Kijana akajibu, "Hakuna." Mama akanyamaza, akafungua daftari, akaandika 150 kwa siku 14, na zilizobaki zikasogezwa mwisho.

Haikuwa rahisi kwa kijana. Kuna siku alirudi nyumbani na unga wa ugali peke yake. Wenzake walimpita na mizigo wakimcheka. Jana alifika kilomita 520. Kijiti cha oili kinaonyesha haijapungua, na nyuma hakuna moshi. Jumatatu anaanza na mfuko mmoja.

Sasa na wewe usiye na pikipiki. Kuna mtu karibu nawe ambaye Mungu ametoka kumfungua na kumtengeneza. Ametoka kwenye pombe. Ametoka hospitalini. Amezika mume mwezi uliopita. Usimtwike simiti, kumpa uongozi, michango na vikao vya kila jioni ili athibitishe kwamba amepona. Lakini pia usimwache akingurume peke yake chumbani ukidhani unamhurumia. Mpe kazi ya kiasi. Mpe abiria mmoja. Mwache apumzike, kisha mpe tena.

Na kama unamdai, wewe ndiye umeshika daftari. Jiulize swali la yule mama.

Kama wewe mwenyewe ndiye injini iliyotoka kufunguliwa, usione haya kwenda polepole wiki hii. Unaowaona wakikupita hawakukesha na fundi wako.

Mtumie ujumbe huu ndugu wa boda unayemjua. Mungu awalinde barabarani. Amina.