Maiti Hasubiri Karatasi

Mwaka jana tulimzika mzee mmoja wa mtaa wetu hapa Kilwa Kivinje. Alifariki nyumbani kwake kabla ya Adhuhuri, na baada ya Alasiri tulikwisha kumlaza katika mwanandani. Tulifurahi kwamba tumeharakisha maziko kama tulivyofunzwa. Kibali cha kuzika hatukukiomba. Kijana mmoja aliulizia, nasi wa kamati tukamjibu kwamba maiti hasubiri karatasi.

Miezi ikapita. Mjane wake akaenda Mahakama ya Mwanzo kufungua mirathi, akatakiwa alete cheti cha kifo. Akaja kwetu msikitini.

"Ustadh," akasema, "mume wangu mlimzika nyinyi. Leo naambiwa nithibitishe kuwa amekufa."

Tulikosa la kumjibu. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108, inataka kifo kisajiliwe ndani ya siku 30. Aliyefia nyumbani, jamaa zake huanzia kwa mtendaji. Hakuna humo kinachotuzuia sanda, wala sala, wala kumwelekeza maiti Qibla. Wahindu wa Dar es Salaam huchoma maiti wao, sisi twazika, na hakuna anayelazimishwa kufuata njia ya mwenzake.

Si kila mahali mambo yako hivyo. Mwaka 2020 Sri Lanka iliamuru kila aliyekufa kwa Uviko-19 achomwe moto, Waislamu wakiwemo, ilhali Shirika la Afya Duniani lilikwisha kusema kuzika kunafaa. Hata kitoto cha siku 20 kilichomwa, wazazi wakiwa hawakuridhia. Amri iliondolewa Februari 2021, na mwaka 2024 serikali ikaomba radhi. Lakini wazazi wale hawana kaburi la kuzuru. Wenzetu walililia ardhi ya kuzikia. Sisi tuliyenayo tuliona taabu kwenda kwa mtendaji, ambaye, tukisema kweli, ofisi yake haiko mbali na msikiti.

Siku hizi maiti akianza kuoshwa, kijana mmoja hutumwa kwa mtendaji, na kibali hufika kabla ya jeneza kutoka. Ama mjane yule, tumekwisha kwenda naye Kilwa Masoko mara mbili kutoa ushahidi. Alhamisi tunarudi tena, in shaa Allah, pamoja na aliyemwosha marehemu na aliyeshuka kaburini kumpokea.