Kompyuta ya michezo Dilolo: kabla ya kuhesabu dola, hesabu wati

Dilolo, jimbo la Lualaba. – Katika mji huu wa mpakani, kompyuta ya michezo ina bei mbili. Bei ya kwanza hulipwa mara moja, kwa dola ao kwa franka, siku ya kununua. Bei ya pili hulipwa kila siku, kwa wati. Vijana wengi wanaijua ya kwanza na kuisahau ya pili. Ndiyo sababu mashine nyingi nzuri zimefika hapa na kulala chini ya kitambaa baada ya mwezi mmoja, si kwa kuharibika, bali kwa kukosa moto wa kuzilisha.

Kijana mmoja wa miaka 22 aliijua bei hiyo ya pili kwa sababu ya shangazi yake. Familia yao ilikimbia Kasai wakati wa vita vya Kamuina Nsapu, ikazunguka huku na huku, mwisho ikatua Dilolo. Shangazi ndiye mkubwa wa nyumba. Hana waya wa SNEL, lakini ana paneli mbili za jua juu ya bati, inveta, na betri moja kubwa ya ampea-saa 200. Kila asubuhi majirani wanaleta simu, jioni wanakuja kuzichukua. Pesa ya simu hizo ndiyo unga wa nyumba, ndiyo daftari za watoto.

Kijana alikuwa amekusanya dola 350 kwa kubeba mizigo na kuuza mihogo ya kukausha. Wazo lake halikuwa la mchezo tu. Alitaka mashine moja, skrini moja na maneti mbili, watoto wa kartye waje jioni kucheza mpira kwa kulipa kidogo. Mchana mashine hiyo hiyo ingeandika barua za watu na kupanga karatasi za shule. Alipokuwa Kolwezi aliona chumba cha michezo chenye kompyuta zinazowaka taa za rangi, na kadi ya picha kubwa kama tofali. Alirudi akiwa na jina la kadi hiyo kwenye karatasi.

Shangazi hakuuliza bei. Aliuliza swali lingine.

– Papa, mashine hiyo inakula moto kiasi gani?

– Shangazi, ni kompyuta tu. Si jiko.

– Sikuulizi kama ni jiko. Betri ile ndiyo inatulisha. Nenda uniletee hesabu.

Hesabu ile inafaa kwa kila nyumba inayoishi na jua. Betri ya volti 12 na ampea-saa 200 inabeba wati-saa 2,400. Lakini betri ya risasi, kama zile za gari, hufa mapema ikikamuliwa mara kwa mara kupita nusu. Kwa hiyo za kutumia bila kuiumiza ni 1,200. Simu 30 kwa siku, kila moja wati-saa 15 hivi, zinachukua 450. Zinabaki 750. Inveta nayo inakula sehemu yake katika kugeuza moto wa betri kuwa wa volti 220. Mwishoni, jioni ya siku yenye jua zuri, nyumba ina kama wati-saa 600 za kuchezea.

Mashine ya ndoto, yenye kadi kubwa, pamoja na skrini, ingekula wati 350 hivi mchezo ukiendelea. Gawanya 600 kwa 350: haifiki masaa mawili. Na masika yakija, paneli zikiwa chini ya mawingu siku tatu mfululizo, hata saa moja ingekuwa ni kuiba kwenye unga. Kijana aliikunja karatasi yake na kuanza upya, safari hii kutoka kwenye betri kwenda kwenye mashine.

Njia mbili zilibaki. Ya kwanza ilikuwa kununua vipande vipya kimoja kimoja, kwa prosesa yenye picha ndani yake, kama Ryzen 5 5600G ya AMD iliyoingia madukani 2021. Prosesa hiyo ina viini sita, haihitaji kadi ya picha, na mashine nzima na skrini inakula wati 110 hivi. Kwa betri, ni njia tamu: zaidi ya masaa matano. Kwa mfuko, ni chungu. Lazima ununue bodi kuu, kasha, kisanduku cha umeme, diski na RAM, vyote pamoja. Tena prosesa ya namna hiyo inaazima RAM ya mashine kwa kazi ya picha, kwa hiyo inataka vipande viwili vya RAM, si kimoja. Na tangu mwisho wa 2025 bei ya RAM imepanda sana duniani, kwa sababu viwanda vinauzia kwanza majumba makubwa ya kompyuta za akili bandia. Kijana alijumlisha, akapita dola 350 kabla hajafika kwenye skrini.

Njia ya pili ilikuwa okazyo: kompyuta ya ofisi iliyotumika Ulaya ao Marekani, kisha kuongezewa kadi ndogo ya picha. Hapa kuna bahati ya wakati. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane. Ofisi nyingi zinatoa mashine zake, na mashine hizo zinaingia kwenye masoko ya okazyo. Mwenye kuchagua vizuri anatafuta kizazi cha nane, kwa mfano Core i5-8500 ya 2018, yenye viini sita. Namba ndiyo inayosema ukweli. Mchuuzi akisema tu «hii ni i7», hajasema kitu, kwa kuwa i7 ya 2010 inashindwa na i5 ya 2018 bila jasho. Tarakimu za mwanzo baada ya mstari mdogo zinaonyesha kizazi: 8500 ni cha nane, 3770 ni cha tatu.

Kadi ya picha nayo ina mpaka wake. Kompyuta za ofisi zina kisanduku cha umeme kidogo, mara nyingi cha wati 260 ao chini, na hakina ule waya wa pembeni ambao kadi kubwa inaudai. Tena katika mashine nyingi za Dell na HP plagi za ndani ni za kampuni yenyewe, hivyo kubadilisha kisanduku hicho si kazi rahisi. Kadi inayofaa ni ile inayopata moto wote kwenye bodi kuu, yaani isiyopita wati 75. GTX 1050 Ti na aina nyingi za GTX 1650 ziko humo, zote mbili na kumbukumbu ya GB 4. Kwa mpira, na hata kwa GTA V iliyotoka kwenye kompyuta 2015, zinatosha vizuri. Jambo la kuangalia ni kasha. Mashine zile nyembamba zinahitaji kadi fupi, ambazo ni adimu. Kasha pana linapokea kadi ya kawaida.

Kijana alituma pesa kwa binamu yake Kolwezi, na orodha ilikuwa hivi: kompyuta ya ofisi yenye i5-8500 na RAM ya GB 8, dola 150, GTX 1050 Ti iliyotumika, 75, kipande cha pili cha RAM ya GB 8, 30, diski ya SSD ya GB 256, 25, skrini ya zamani, 30, usafiri, 25, regulata ya kuzuia moto wa kuruka, 15. Jumla 350. Ile diski ya zamani ya kuzunguka iliyokuja na mashine haikutupwa, inabeba michezo ambayo haichezwi kila siku. Maneti mbili ziliazimwa.

Jina la kadi halikutosha, ilibidi ijaribiwe kabla ya kulipa, kwa kuwa soko la okazyo lina mitego. Kuna kadi za zamani sana zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijiite GTX 1050 Ti. Programu ya bure inayoitwa GPU-Z inazifichua nyingi: inaandika neno la kuonyesha kuwa kadi ni bandia. Baada ya hapo binamu aliiacha mashine icheze nusu saa nzima mbele ya mchuuzi. Kadi iliyochoka hujitoa kwa picha za madoa, kwa kuzima ghafla, ao kwa feni inayolia. Mchuuzi anayekataa jaribio la nusu saa amekwisha kujibu.

Mtego mwingine ni mdogo kama kidole. Nyuma ya visanduku vya umeme vya zamani kuna kitufe chekundu chenye namba mbili, 115 na 230. Mashine iliyotumika Marekani inaweza kuja ikiwa kwenye 115. Ukiichomeka hivyo kwenye moto wa Congo, wa volti 220, utasikia mlio mmoja na kunusa moshi. Kitufe hicho kinaangaliwa kabla ya waya kuguswa.

Kutoka Kolwezi hadi Dilolo ni zaidi ya kilomita 400, na barabara ya udongo haina huruma. Kadi ya picha ni nzito na imeshikwa na mdomo mwembamba wa bodi, ikitikiswa siku mbili inaweza kuuvunja. Binamu aliitoa, akaifunga peke yake katika nguo, na SSD vilevile. Kabla ya kuondoa mashine, alipakua michezo yote hapo hapo Kolwezi. Mchezo mmoja unaweza kupita GB 100, na kwa bei ya megabaiti za simu hilo ni pigo. Kwa sababu hiyo pia, kijana alichagua mpira unaochezwa na watu wawili mbele ya skrini moja, bila intaneti. Mchezo unaodai mtandao kila dakika haujafika wakati wake katika kartye ile.

Mashine ilipofika, ilipelekwa mbali na mlango kwa sababu ya vumbi la kiangazi, ikainuliwa juu ya meza, na sasa inafunguliwa kila mwisho wa mwezi na kupigwa brashi. Radi ikianza kunguruma, waya unatolewa ukutani. Regulata haizuii radi ya Katanga.

Halafu ikaja hesabu ya pili, safari hii kwa kipimo cha umeme kilichoazimwa kwa fundi. Mpira ukichezwa bila kizuizi, mashine na skrini vilikula kama wati 160. Kijana aliingia kwenye mpangilio wa mchezo, akafunga idadi ya picha kwenye 60 kwa sekunde. Wati zilishuka hadi 130 hivi, na watoto hawakuona tofauti. Kutoka masaa yasiyofika manne, jioni ikawa na manne na nusu, bila kuongeza hata dola moja.

Kuna jambo ambalo wazee wa mji huu wanalitaja wakiona mashine hiyo. Njia ya reli inayopita Dilolo kwenda Luau, Angola, na kushuka hadi bandari ya Lobito, inabeba shaba ya Lualaba. Kongo inatoa sehemu kubwa ya kobalti yote ya dunia, na nyingi inatoka kwenye ardhi ya jimbo hili. Waya mkubwa wa Inga–Kolwezi, uliomalizika 1982, unapita kilomita 1,700 hivi kuleta umeme kwa ajili ya migodi. Shaba inaondoka, inageuka kuwa waya na bodi, inatumika miaka saba katika ofisi ya mbali, kisha inarudi kama okazyo kuwashwa kwa jua juu ya bati la mkimbizi. Hilo halipunguzi bei ya kadi, lakini linaeleza kwa nini nyumba iliyo juu ya madini inalazimika kuhesabu wati.

Shangazi aliweka sharti moja, na linafuatwa hadi leo. Juu ya inveta kuna kioo kidogo kinachoonyesha volti za betri. Pembeni yake amechora mstari kwa chaki, na namba: 12.2. Namba ikishuka hapo, mchezo unasimama, hata kama goli linakaribia. Mwanzoni watoto walilalamika. Sasa wao wenyewe ndio wanaoinuka kwenda kuangalia kioo, na siku za mvua wanagawana dakika bila kuambiwa.

Miezi mitatu ya kwanza, mashine haikurudisha dola zote 350. Ilirudisha sehemu, na sehemu ile haikwenda kwenye kadi kubwa zaidi. Shangazi na kijana walikubaliana kuinunulia paneli ya tatu. Simu za majirani sasa zimefika 40 kwa siku.